Shamba Limeuzwa na Choroko Zake

Studio yangu ipo Maswa mjini, nyuma ya duka la nafaka: chumba kimoja, ukutani trei za mayai ili sauti isirukeruke. Jirani yangu ni mashine ya kusaga. Ndiyo maana mpenzi wangu wa kwanza katika kazi hii alikuwa Cool Edit, programu ya kuhariri sauti. Unaionjesha sekunde moja ya mngurumo mtupu, inaukariri, kisha inaufyeka wimbo mzima. Ukizidisha, mwimbaji husikika kama katumbukia kwenye pipa la maji. Nilizidisha sana.

Nilijifunzia kwenye Cool Edit 96, ambayo usipoilipia ilikupa makundi mawili tu ya kazi kila ulipoiwasha. Ukichagua kuhifadhi na kuondoa kelele, mwangwi usubiri. Umaskini ulitufundisha kupanga.

Mwaka jana mpwa wangu akaja na laptopu yake. "Mjomba, hii ndiyo Cool Edit yako. Siku hizi inaitwa Audition." Akanieleza, kwa sauti ya kushindana na mashine ya kusaga, kwamba Syntrillium, kampuni ndogo ya Arizona iliyoitengeneza, iliiuzia Adobe mwaka 2003 kwa dola milioni 16.5, na jina likabadilishwa mwaka huohuo. Tangu 2013 matoleo mapya hayanunuliwi moja kwa moja; unalipia kama kifurushi.

"Kumbe imeuzwa," nikalalama, "na kazi zangu zote zimo humo!"

Kwenye benchi alikuwa ameketi manju, kiongozi wa nyimbo wa kundi la ngoma la Bagalu, akisubiri zamu yake. Akavaa kofia, akatoka bila kuaga.

Kesho yake alfajiri mlango ukagongwa. "Mwangaluka." Manju na wazee watatu.

"Ng'wanawane, tumesikia umeuza studio kwa Wamarekani. Nyimbo zangu tisa zilikuwa ndani. Shamba likiuzwa na choroko zake, mwenye choroko hulipwa."

Milioni 16.5 alikwisha kuzigeuza ng'ombe.

Nikaeleza kwamba kilichouzwa ni jembe, si shamba. Mzee mmoja akauliza ni jembe gani hilo linalodai hela kila mwezi. Nikahamia kwenye utawala: "Ni kama sisi mwaka 2012. Tulilala Shinyanga, tukaamka Simiyu, na nyumba zetu zikiwa palepale."

"Nyumba palepale," akajibu, "lakini makao makuu yakaenda Bariadi."

Mzee yule hajawahi kugusa kompyuta, ila alikuwa amegonga penyewe. Audition ya kwanza ilikuwa Cool Edit ileile iliyovishwa jina jipya. Mwaka 2011 ikaandikwa upya, na vitu kama MIDI vikaachwa njiani. Mimi nilipoifungua kwenye laptopu ya mpwa wangu nilitafuta kitufe changu cha kelele dakika arobaini, nikawa mgeni sebuleni kwangu.

Nikawasha kompyuta yangu ya zamani, ile ya Windows XP, nikawapigia nyimbo zote tisa, moja baada ya nyingine, mpaka wakaridhika kwamba choroko zimo. Wakanywa chai, wakaondoka. Nikadhani yamekwisha.

Manju akarudi baada ya wiki mbili na wimbo wa kumi, wa mashindano ya Saba Saba, kuhusu fundi mmoja wa Maswa aliyeuza sauti za wenzake ng'ambo. Akalipa taslimu. Mashine ya kusaga ilikuwa imezimwa, kelele hakuna, nikarekodi safi kabisa. Sharti lake lilikuwa moja tu: kila jina langu linapotajwa, niongeze mwangwi.