Bora Lingeuma Jino

Nina ugomvi na ufizi. Jino nalielewa. Likiharibika linapiga kelele, linakunyima usingizi, linakutoa kitandani saa nane usiku kutafuta karafuu jikoni, na kufika asubuhi mtaa mzima unajua kwamba kwa Baba Neema kuna mgonjwa. Unapewa pole, unakorogewa uji. Kazini unaondoka mapema ukiwa umeshika shavu na hakuna wa kukuhoji. Ufizi je? Unavimba kimyakimya, unaacha tone la damu kwenye mswaki, basi. Sasa nenda kamwombe bosi ruhusa kwa ajili ya tone la damu.

Nilipoitaja damu hiyo nyumbani, kila mtu akageuka daktari. Mke wangu akasema ni machungwa, sili machungwa ya kutosha. Shemeji akaniletea dawa ya kusukutua inayowaka mdomoni hadi machozi yanatoka, akaapa kwamba ikiwaka hivyo ujue inaua. Mama mkwe, mtu ambaye mila hazinipi nafasi ya kubishana naye, akaleta mkaa aliousaga mwenyewe na kuuchanganya na chumvi. Na mzee mmoja wa jirani akanishika bega: “Mwanangu, pale panapotoka damu usipapitishe mswaki. Paache papumzike.” Huu ndio ushauri niliouona wa maana kuliko wote, maana ndio pekee ulionitaka nisifanye kitu.

Daktari wa meno, binti ambaye angeweza kuwa mwanangu, aliupindua wote. “Hapo panapotoka damu, baba, ndipo penyewe pa kupiga mswaki. Ila taratibu.”

Akanieleza huku vyuma vyake vikiwa mdomoni mwangu, hivyo sikuweza kumjibu. Ule ukoga unaonata kwenye meno pembeni mwa ufizi ni bakteria tupu, wamejishikiza pamoja kwenye utando wao. Ufizi unavimba na kutoa damu kwa sababu mwili unapigana nao. Ukipaacha papumzike, kama alivyotaka mzee, bakteria ndio wanaopumzika. Mate nayo, ambayo nilidhani yako upande wangu, yana madini yanayougandisha ukoga ule ukawa mgumu kama jiwe, na hapo mswaki hauna kazi tena, mpaka uje ukwanguliwe na daktari. Ukiendelea kuuacha, bakteria wanazama chini ya ufizi, na mfupa ulioshika jino unaanza kuliwa. Tena sehemu kubwa ya uharibifu huo hufanywa na askari wa mwili wenyewe katika kuwasaka hao wavamizi. Ufizi uliovimba tu hupona ukisafishwa. Mfupa ukishaliwa haurudi. Na muda wote huo huhisi kitu! Panya anayeuma huku akipuliza ana nafuu, maana yeye hula unyayo tu.

Kwamba ukoga huvimbisha ufizi, hilo lilithibitishwa huko Denmark mwaka 1965. Harald Löe na wenzake pale Aarhus walichukua watu 12 wenye fizi nzima, wengi wao wanafunzi wa udaktari wa meno, wakawaambia waache kusafisha meno. Ndani ya wiki tatu wote walikuwa na fizi zilizovimba. Waliporudia mswaki, fizi zikapona. Utafiti mzuri, umenukuliwa dunia nzima. Ila mimi nasafiri kila asubuhi kwenye daladala na watu ambao, kwa hewa wanayonipumulia, wako kwenye utafiti huo tangu 1965, na hakuna profesa aliyekuja kuwaandika.

Ya shemeji nayo ilishajibiwa zamani. Mwaka 1683 Antonie van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa vitambaa wa Delft huko Uholanzi, alikwangua ukoga wake mwenyewe na kuuweka chini ya kioo chake cha kukuzia. Huyu alikuwa akisugua meno kwa chumvi kila asubuhi, mama mkwe angempenda. Hata hivyo aliona vidudu vikicheza humo, akawaandikia wanasayansi wa Royal Society kule London. Akajaribu kusukutua kwa siki kali. Akakuta vidudu bado vipo, maana siki ilikuwa haipenyi hadi ndani ya bonge la ukoga. Mzee wa karne ya 17, bila shahada yoyote, alishajua kwamba kuwaka si kusafisha. Shemeji ana stashahada.

Na wala huwezi kuwachukia bakteria wote kwa pamoja, jambo linaloniudhi zaidi. Aina zinazojulikana za bakteria wa mdomoni zinapita 700. Wamo wanaoishi nyuma ya ulimi wanaochukua kitu kilichomo kwenye mchicha na kukigeuza ili mwili ukitumie kulegeza mishipa ya damu. Kwa hiyo ukisukutua kila saa kwa ile dawa ya moto unaweza kuwa unawafukuza waliokuwa wakikusaidia na presha.

Baada ya kukwanguliwa, nikalipa, nikangoja dawa. Nilitarajia vidonge, au angalau sindano, kitu cha kumwonyesha mtu. Nikapewa uzi. Mswaki laini mara mbili kwa siku, dakika mbili, brashi iinamie pale jino linapokutana na ufizi, na uzi katikati ya meno. Mkaa niuache, unakwaruza. Maji ya chumvi ya uvuguvugu yanatuliza, lakini hayang'oi ukoga. Hakuna kilichouma wala kuwaka, na nyumbani hakuna anayeamini kwamba nilitibiwa. Mwanangu mdogo ameshauomba uzi arushie tiara.

Nilipokuwa nainuka, daktari akauliza kama nimewahi kupima sukari. Kumbe kisukari huzidisha ugonjwa wa fizi, na fizi zilizoharibika hufanya sukari iwe ngumu kudhibiti. Akaniandikia kikaratasi cha maabara: nifike asubuhi, nisile, nisinywe hata chai.

Nikamuuliza kama kupiga mswaki kunaruhusiwa. Alicheka mpaka akashika meza. Mimi nilikuwa nauliza kwa dhati.