Bani la Mjomba Liko Boston

Niliporudi Ulyankulu likizo ya Julai, mama alikuwa ameshatangaza mtaa mzima kwamba mwanawe anachora nyumba kwa kompyuta. Kesho yake, hata uji sijanywa, mjomba huyo mlangoni. "Mjomba, nichoree bani. Msimu ujao nataka la tofali, lenye tanuru lisilomaliza kuni."

Bani, kwa msiolima tumbaku, ni chumba kirefu kwenda juu. Majani yanatundikwa ndani kwenye fito, tanuru linachochewa kutoka nje, na joto linapita kwenye mabomba kule chini. Nikajiambia: kuta nne, paa, mlango. Nusu saa tu.

Siku ya tatu nilikuwa bado nagombana na ukuta. Programu hizi hazikubali mstari mtupu. Zinataka unene wa ukuta, tabaka zake, unaanzia usawa gani na kuishia wapi. Maswali kuliko wazee wa upande wa binti siku ya posa. Halafu onyo: mstari umepinda kidogo, huenda ukaleta makosa. Umepinda! Bani la zamani ni la udongo, nami nililipima kwa hatua. Ungenyooka kwa miujiza gani? Milango nayo wanaiita familia. Mjomba akanisikia nikilalamika kwamba familia imekataa kuingia, akaniuliza kwa huruma, "Wanadai mahari kiasi gani?"

Hatimaye bani likasimama. Nikaliwashia jua la saa sita mchana, likaangusha kivuli, nikamwita mwenyewe. Akatazama, akatoka nje kulitazama lile la zamani, akarudi.

"Mjomba, hili bani liko wapi?"

"Hapa hapa, kiwanjani kwako."

"Mwezi gani?"

"Huu huu wa Julai."

"Mbona kivuli kimelala kaskazini? Julai jua letu linapita upande wa Mwanza. Saa hizi kivuli kiko kusini, kwenye mizinga yangu ya nyuki."

Nikachungulia mipangilio. Kumbe usipoiambia ulipo, programu inadhani uko Boston, Marekani, ambako jua la mchana hukaa kusini mwaka mzima. Siku tatu nzima nimemjengea mzee wa watu bani kwenye theluji! Nikaandika Ulyankulu, haikuijua. Ikabidi niingize kwa mkono: karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Kivuli kikageuka, kikaenda kulala kwenye mizinga.

Nilitegemea pongezi. "Sasa limefika nyumbani," mjomba akasema. "Kuni nitachochea kupitia wapi?"

Nilikuwa nimesahau mdomo wa tanuru. Nikamweleza kwamba itabidi nitafute familia nyingine.

Mjomba akainuka, akachukua kamba yake yenye mafundo ya hatua 3, 4 na 5, ile anayonyooshea kona tangu sijazaliwa.

"Wewe malizana na wakwe zako. Mimi naenda kupima msingi."