Nahodha wa Kaseti

Viatu vyake vilikuwa vyeupe. Nalitaja hilo mapema kwa sababu ndicho kitu cha mwisho nilichokiona vizuri Jumamosi iliyopita, kando ya mfereji wa Regent's hapa London, karibu na Broadway Market, kabla dunia haijageuka buluu.

Nilikuwa nakokota kaseti ya choo cha boti ninamoishi. Mtu wa nchi kavu atauliza choo na kaseti wapi na wapi, nami nitamjibu kwa furaha, maana ni mtambo wenye akili kuliko heshima unayopewa. Chini ya kiti kuna kifuniko cha kuteleza. Ukikivuta, kila kitu kinashuka ndani ya dumu bapa la lita 20 hivi, lililotiwa dawa ya buluu ya kukata harufu na kulainisha karatasi. Mna boya dogo humo. Dumu likikaribia kujaa, boya hupanda na alama nyekundu hujitokeza. Hapo unalichomoa, unavuta mpini, nalo linakufuata kwa magurudumu yake kama begi la uwanja wa ndege hadi kwenye kituo cha kumwagia. Lina mdomo wa kuzungusha, na jirani na mpini kuna kitufe cha kuingizia hewa. Usipokibonyeza wakati wa kumimina, dumu hubeua, na likibeua halichagui wa kumrukia wala halijali kavaa nini. Siku ya joto gesi hujaa ndani. Jumamosi jua lilikuwa linachoma.

Kituo cha jirani kilibandikwa karatasi: hakifanyi kazi, samahani kwa usumbufu. Karatasi yenyewe ilishapauka kwa kukaa muda mrefu. Kwenda cha pili lazima upite katikati ya watu wanaokunywa kahawa na kupiga picha boti zetu. Nikapita, natabasamu, salamu kushoto na kulia. Gurudumu likakwama kwenye jiwe. Kijana mmoja aliyekuwa anakimbia mazoezi, roho nzuri, Mungu amzidishie, akasimama. "Ngoja nikusaidie. Unasafiri?" Kabla sijafungua kinywa alishalinyanyua, kichwa chini, mdomo umemwelekea yeye. Kifuniko kikafyatuka.

Sauti haikuwa kubwa. Buluu ndiyo ilikuwa kubwa. Mbwa wa mtu akaja kunusa, akaghairi. Na yule kijana, kalowa mpaka soksi, ananitazama mimi na kusema: "Samahani." Waingereza! Nikamwambia ni dawa tu. Nusu ya maneno hayo ilikuwa kweli.

Huko Tanga mama yangu anawatangazia majirani kwamba mwanawe ana meli Ulaya. Meli yenyewe haifiki mita mbili na robo kwa upana, kwa sababu malango mengi ya maji katika mifereji ya England yalijengwa kupitisha boti nyembamba za mizigo. Nikinyoosha mikono sebuleni nagusa ubavu huu na ule. Mjomba, aliyekuwa baharia wa majahazi, aliposikia habari za kaseti alicheka mpaka akapaliwa. Wao walikuwa na kisanduku kilichoning'inia tezini, chini wazi, bahari inamaliza kazi. "Kwa hiyo wewe unakibeba?" Nikamwambia, mjomba, mfereji hauna kupwa na kujaa.

Watu waliniambia kuishi majini ni nafuu. Leseni peke yake ni zaidi ya pauni 1,000 kwa mwaka. Kila baada ya miaka minne anakuja mkaguzi wa usalama kuchungulia mitungi na nyaya. Kila miaka miwili mitatu boti inapandishwa juu, inakwanguliwa na kupakwa lami tumboni. Kwetu ni deheni na mikono ya jamaa, huku ni bili. Gesi iliniishia pilau likiwa nusu. Baiskeli ilichukuliwa na tawi la mti ikaenda zake majini. Bomba la moshi, hivyohivyo, chini ya daraja.

Hayo nacheka. Kuna moja silicheki. Sheria ya mifereji ya 1995 inasema mwenye boti asiye na gati lake asikae mahali pamoja zaidi ya siku 14, isipokuwa kwa sababu ya msingi. Sawa, nahama. Tangu Aprili 2024 sisi tunaohama tunatozwa nyongeza juu ya leseni, nayo imepangwa kupanda mwaka hadi mwaka. Yaani nalipishwa faini ya kukosa gati ambalo, hapa London, hata nikilipata sitaliweza bei. Na vituo vya kumwagia vinabandikwa karatasi.

Na asiye na gati hana anwani. Juzi nilikwenda kujiandikisha kwa daktari, kifua kinabana kwa makaa ya jiko. Mwongozo wa huduma ya afya ya England unasema wazi kwamba uthibitisho wa anwani si lazima. Dada wa mapokezi akataka bili ya umeme. Umeme wangu unatoka juani, kupitia paneli za paani. Nikamuuliza kama nikalidai jua risiti. Hakucheka. Akanishauri nirudi nikishatulia sehemu moja. Nikamweleza kwamba nikitulia navunja sheria. Akafikiri, akaandika "hana makazi maalumu", akanigeuzia fomu nisaini. Nikasaini, mimi ninayelipa leseni, nyongeza, bima na lami, kwa sababu kikohozi kilikuwa hakinipi nafasi ya kubishana.