Jinsi ya Kujishaua na Probox Bila Kufikishwa Kortini

Unataka soko zima la Kianjai ligeuze shingo ukipita. Usione haya, hakuna aliyenunua gari ili lisionekane. Sogea karibu nikuonyeshe njia ya mkato.

1. Anza na rangi. Paka hata manjano ya ndizi mbivu. Sheria haina ugomvi na rangi. Ina ugomvi na gari lisilofanana na logbuku yake. Ijulishe NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani ya Kenya, kwamba rangi imebadilika, na ukibadilisha injini au bodi, vilevile. Askari atakayekusimamisha njia ya Maua atapekua karatasi zako akose pa kushika. Wenzako wanajificha, wewe jiandikishe.

2. Ekzosti usiitoboe. Kizuia sauti ni lazima, na kuna kanuni za kelele za mwaka 2009 zinazosimamiwa na NEMA, mamlaka ya mazingira. Tia spika nzuri, ufunge vioo.

3. Ving'ora na vimulimuli waachie polisi, zimamoto na ambulensi. Taa nyekundu isitazame mbele kamwe: anayekuja gizani ataidhani mkia wa gari linalokwenda, kumbe unamjia.

4. Springi. Hapa tukae kidogo. Kama unabeba miraa, haingoji, ikinyauka bei inaanguka, na fundi atakushawishi kuinua gari ili limeze magunia zaidi. Mkatalie. Springi zitakuwa mpya, lakini breki ni zilezile zilizopimiwa mzigo mdogo, na gari lililoinuliwa hupinduka upesi kwenye kona. Kando ya njia hiyo ya Maua kuna watoto wa shule na kina mama wenye vikapu. Kuzidisha mzigo au kuendesha gari bovu, kifungu cha 58 cha Sheria ya Trafiki kinakupa faini ya hadi shilingi 400,000, au miaka miwili jela, au vyote viwili. Ujanja ni huu: magunia yapande pikapu ya kukodi, Probox ibaki ya kuringia.

5. Namba usiipinde wala kuipamba. Faini ni 10,000, hela ya rimu hiyo.

6. Kabla hujamlipa fundi, mpigie wakala wa bima umtajie kila unachobadilisha. Ukificha, kampuni itapata sababu ya kukukatalia malipo siku utakapogonga. Akikubali, osha gari Jumamosi jioni, na Jumapili uliegeshe mbele ya lango la kanisa, mapema, kabla wengine hawajachukua nafasi.