Wiki ya Kusubu Risasi

JUMATATU
Nimekwenda duka la matairi kuomba vile vipande vizito wanavyobandika kwenye rimu ili tairi libalansi. Zamani vilikuwa vya madini ya risasi, na sisi tunaojisubia risasi za bastola tulivibeba kwa ndoo. California ilivipiga marufuku kuanzia 2010, na hata hapa Ohio wengi sasa hutumia zinki na chuma. Nilisimama nyuma ya bwana mmoja aliyekuwa akibishania pancha. Zamu yangu ilipofika, kijana wa kaunta akaenda kula.

Ndoo niliyopewa ina zinki, chuma, vali na vishungi vya sigara. Risasi yenyewe haijazi kopo la maharage. Nimeshukuru kwa lugha zote ninazozijua.

JUMANNE
Siku ya kusubu. Mama watoto alishatoa hukumu zamani: sufuria ya madini haikanyagi jikoni. Ana haki, maana risasi ni sumu. Kwa hiyo kiwanda changu kiko kwenye banda la gari, mlango wazi, mwezi wa Machi. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi. Mimi nilikuwa karibu na sifuri.

Zinki husubiri mpaka nyuzi 420, kwa hiyo ukiuchunga moto, vipande vyake vilivyojificha huelea juu ukavichota. Bati kidogo husaidia madini kujaza kalibu mpaka pembeni, na antimoni huyatia ugumu. Kalibu isipopata joto la kutosha, risasi hutoka zina makunyanzi na hurudi sufuriani. Za mwanzo zote zilikuwa na nyuso za vikongwe.

Katikati ya shughuli mdogo wangu akapiga simu kutoka Morogoro. Akauliza nafanya nini. Nikamwambia natengeneza risasi. Kimya. "Kaka," akasema, "hii simu yako kuna mtu anaisikiliza?" Nikamweleza kwamba Marekani anayejitengenezea risasi za matumizi yake hahitaji leseni ya serikali kuu. Akasema sawa, akakata kabla hajaomba hela. Haijawahi kutokea.

JUMATANO
Kalibu yangu imechongwa namba 0.358, yaani kipenyo cha risasi kwa inchi. Mtutu wa ribolva yangu, .38 Special, una 0.357. Hivyo ndivyo inavyotakiwa: risasi ya kusubu iuzidi mtutu kwa kama elfu moja ya inchi, ibanane. Ikipwaya, gesi ya moto hupenya ubavuni, huiramba, na madini hubaki yamegandamana ndani ya mtutu.

Nimezipima kwa mikromita. 0.356. Nimefuta mikromita, nimefuta na miwani. 0.356. Nimewaandikia waliouza kalibu. Wamejibu mara moja kwamba barua pepe yangu ni muhimu sana kwao.

Jioni mzee mmoja wa klabu amenigawia risasi zake, 0.358 kamili, pamoja na maelezo marefu kuhusu goti lake. Goti lake la kushoto. La kulia halina tatizo.

ALHAMISI
Foleni ya fataki, vile vikombe vidogo vinavyowasha baruti. Duka linatoa paketi moja kwa kila mteja. Mbele yangu alisimama baba, mama, na vijana wao wawili, kila mmoja mteja kamili wa haki zake. Kijana wa pili akaondoka na paketi ya mwisho. Alinitakia siku njema.

Nimerudi kwenye akiba yangu. Nimejaza maganda, nusu kwa risasi zangu na nusu kwa za mzee, baruti ileile na kipimo kilekile, vinginevyo jaribio halina maana. Baruti hupimwa kwa greni, na greni 7,000 ndizo ratili moja. Mzani wa namna hiyo hutikiswa na pumzi. Feni ya kupashia nyumba joto ilikuwa ikiwaka kila nilipokaribia kusoma. Nikaizima. Familia nzima ikaja kuniuliza kwa nini.

IJUMAA
Mvua. Nimekwenda kiwanja cha shabaha cha ndani, kinachotoza kwa saa. Kipima mwendo changu kina macho mawili: kivuli cha risasi kikipita jicho la kwanza, saa inaanza; kikipita la pili, inasimama. Taa za mle ndani humemeta kwa kasi ambayo binadamu haioni, ila macho yale yanaiona. Kikaniandikia futi 2,911 kwa sekunde. Risasi ya kiwandani ya aina hii, greni 158, hutangazwa futi 755.

Msimamizi alisoma kile kioo, akanitazama kwa heshima mpya. Bei hakupunguza.

JUMAMOSI
Kiwanja cha nje. Foleni ya magari, kisha foleni ya meza, kisha amri ya kusitisha ili watu wakabandike shabaha. Mtu mmoja akasahau gundi ya karatasi garini. Tulimsubiri sote, bastola ziko mezani, zimefunguliwa, hazishikwi. Ndiyo kanuni, na ni kanuni nzuri.

Jirani yangu wa meza alikuja na bunduki yenye mdomo wa kutupa gesi pembeni. Kila akifyatua, vipaa vyeupe vya kipima mwendo changu vinaanguka na kioo kinasoma mwendo wa risasi nisiyoifyatua. Baadaye betri ikaisha. Mwaka 1742 Mwingereza Benjamin Robins alitangaza namna ya kupima mwendo wa risasi kwa kupiga gogo linaloning'inia na kuangalia limebembea kiasi gani. Robins hakutegemea duka la betri lililofungwa kwa chakula cha mchana.

Hatimaye, majibu. Risasi zangu: wastani wa futi 747 kwa sekunde. Za mzee: 748. Mtu wa wastani angekunja virago hapo akaenda kula. Lakini zangu zilitawanyika toka 690 hadi 801, na kwenye karatasi ya yadi 25 matundu yalisambaa inchi 9. Za mzee zilikaa kati ya 738 na 756, ndani ya inchi 3. Mzee alikuja kuitazama karatasi yake. Alichechemea njia nzima ili nisilisahau goti.

JUMAPILI
Nimesugua mtutu kwa nyuzi za shaba toka asubuhi. Madini yanatoka vipandevipande, kama ilivyotabiriwa Jumatano. Kalibu naiuza. Inasubu vizuri sana, na atakayeitaka aje na mikromita yake.