Kulikimbia Joto na Hotipoti Mapajani

Mume wangu ana imani moja ambayo hata shehe na padri wakikaa kikao hawaitikisi: kwamba joto ni kitu cha nyumbani, na mtu akishatoka nje ya geti linabaki ndani na kuku. Imani hii humshika kila mwaka Desemba, kaskazi ikianza kuvuma, na humtoka mwishoni mwa Machi, masika ikishalowesha mji. Hapo katikati ndipo zinapokaa Jumamosi zetu za matembezi.

Wasioijua Dar es Salaam hudhani tunadeka. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, anafanya kazi Dodoma, na kila akija likizo hunifungulia simu anionyeshe: nyuzi 32. "Shemeji, mbona hata kwetu ni 32?" Ni kweli. Lakini Dodoma jasho likitoka linakauka, na likikauka linaondoka na joto lake. Huku hewa imeshashiba unyevu wa bahari, haina pa kuliweka jasho lako, basi linabaki nawe. Unaoga asubuhi, unajifuta, na kabla hujaanika taulo unajifuta tena, na hujui unachofuta ni maji ya bomba au ni yako mwenyewe. Usiku unageuza mto kutafuta upande wa baridi. Unaupata, unausifu, unaisha. Umeme ukikatika, pangaboi linazunguka kwa unyonge mara ya mwisho, linasimama, na nyumba nzima inaamka bila kuitwa.

Safari hii tulikuwa na mgeni. Mama yangu alishuka kutoka Makete, kule juu Njombe ambako Juni na Julai umande huganda majanini alfajiri. Tulimpokea stendi ya Magufuli, Mbezi, akiwa ndani ya sweta la sufu la zambarau, vifungo vyote mpaka shingoni. Mume wangu akamwamkia, akapokea kapu la viazi, akamshauri kwa adabu zote alivue.

"Nitavua nikifika, baba."

Alipofika akasema atavua akishakula. Akishakula, akishapumzika. Wiki ya kwanza ilipoisha tukaacha kuuliza. Kilichonikera si sweta. Kilichonikera ni kwamba mimi, niliyevaa dera jepesi kuliko yote niliyonayo, nilikuwa nachuruzika, na yeye paji lake la uso lilikuwa kavu kabisa.

Kuamkia Jumamosi ya kwanza ya Machi mume wangu akatangaza: kesho Kigamboni, tukapunge upepo. Sasa, kwa wanaume kulikimbia joto huanza gari likiwaka. Kwetu huanza saa kumi na moja alfajiri mbele ya karai la mafuta. Ili familia ikapunge upepo, lazima mtu akaange sambusa, apike pilau, achemshe ukwaju wa juisi, yote ndani ya jiko lenye dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani. Mpaka saa moja na nusu jikoni kwangu palikuwa na joto la kuuza nchi za nje.

Gari letu lina kiyoyozi, kwa maana ya kwamba kitufe chake kipo. Dirisha la nyuma kushoto halishuki. Upande huo akakaa mama na sweta lake. Watoto, wetu na wa jirani, wakajazana. Hotipoti ya pilau, kwa kuwa ingemwagika popote pengine, ikawekwa mapajani mwangu. Deli la barafu likakaa nyuma kwenye buti, mbali na kila mtu, likijifaidi lenyewe.

Ikabaki fimbo ya shemeji. Shemeji, naye likizoni kwetu, alikuwa ameanza uvuvi. Uvuvi wake ulikuwa wa kwenye simu: aliangalia video za Wazungu wakivuta samaki wakubwa kuliko watoto wao, akaenda Kariakoo akanunua fimbo ya kuvulia yenye gurudumu la kukunjia mshipi, pamoja na kofia. Fimbo haikuenea garini. Ikatolewa nje kupitia dirisha la kulia, na kuanzia kwetu Tabata mpaka Posta kila bodaboda aliyetupita alikuwa na la kusema. Chambo chake, ngisi wa jana amefungwa kwenye mfuko, alikiingiza ndani ya deli bila kumwambia mtu, kando ya chupa za juisi.

Kwenda Kigamboni kuna njia mbili kwetu sisi: Daraja la Nyerere, lililofunguliwa 2016, au pantoni pale Magogoni. Mume wangu huchagua pantoni, eti kuna upepo. Upepo upo, sikatai. Upo katikati ya maji, na mlango wa bandari unakatwa kwa dakika chache tu. Foleni ya kuufikia upepo huo ndiyo ndefu, na foleni haina upepo. Tulikaa mle, bati la gari likipata moto, hotipoti ikinipasha kutoka chini na jua kutoka juu, huku muuza karanga akipita dirishani kwa upole akiniuliza kama nataka za moto.

Tulifika ufukweni saa nne kamili. Watoto wakafungua milango kabla gari halijasimama, wakakimbia, wakapita minazi, kisha wakasimama wote pamoja.

Bahari haikuwepo.

Palikuwepo mchanga, wenye mistari midogo midogo, ukienda, ukienda. Palikuwepo vidimbwi vyenye mwani na viti vya pweza, ngalawa zimelala ubavu, na mbali kule, wadogo kama punje, wanawake wameinama na ndoo zao. Nyuma yao ndipo palipokuwa na uzi mwembamba wa bluu. Mwanangu wa mwisho, mtoto wa Dar es Salaam huyu, alitazama kwa muda, akamgeukia baba yake.

"Baba, maji yamekatika?"

Chini ya mkungu alikaa mzee mmoja akishona wavu wake. Tulikuja kujua ni mzaliwa wa Mafia. Mume wangu akamwamkia, akaitikiwa, akauliza kwa sauti ya mteja aliyecheleweshewa huduma kwamba bahari inarudi saa ngapi.

"Jana usiku mliutazama mwezi?" mzee akauliza.

Hatukuutazama. Nani anautazama mwezi Tabata?

"Mpevu ule. Hili ni bamvua. Alfajiri saa kumi maji yalikuwa hapa miguuni pangu, na jioni saa kumi yatarudi. Bamvua, saa nne hizi, mwanangu, bahari haipo nyumbani."

Alitueleza bila kuinua macho kwenye wavu. Mwezi ukiwa mpevu, au ukiandama, jua na mwezi huvuta maji kwa mstari mmoja, basi maji hujaa sana na hupwa sana. Pwani yetu hiyo ni tofauti inayopita mita 3, na ufukwe ukiwa tambarare mita 3 za kwenda chini ni matembezi marefu ya kwenda mbele. Mwezi ukiwa nusu huwa maji mafu: hayaendi mbali, hayaji kwa nguvu, na saa nne asubuhi ndiyo kwanza yamejaa. Kila siku saa za maji husogea mbele kwa dakika kama 50. Watu wa pwani wamekuwa wakiishi kwa hesabu hii tangu enzi za majahazi. Sisi tunaishi kwa kalenda ya ukutani tuliyopewa na duka la vifaa vya ujenzi. Ina sikukuu zote za taifa na picha ya mabati.

Shemeji hakukata tamaa. Alivaa kofia, akabeba fimbo na mfuko wa ngisi, akaanza kuifuata bahari kwa miguu. Tulimwangalia akipungua. Njiani alipishana na wale wanawake wakirudi, mmoja ameshika pweza wawili kwenye kijiti, na ingawa tulikuwa mbali tuliona jinsi walivyosimama, wakaitazama fimbo, wakamtazama yeye, wakaitazama tena fimbo. Baadaye alikiri walichomwambia. Walimwambia pole.

Sisi tulihangaika na kivuli. Hili nalo sikulijua mpaka siku ile: mwanzoni mwa Machi, na tena mwanzoni mwa Oktoba, jua la mchana hupita utosini kabisa kwa Dar es Salaam. Tulitandika mkeka chini ya mnazi kivuli kikiwa kirefu, cha kutosha ukoo mzima. Tukawa tunakifuata: tunasogeza mkeka, tunasogeza deli, tunasogeza mama. Ilipokaribia saa sita na nusu kivuli cha mnazi kilikuwa kimebaki kama sahani, kimelizunguka shina, na sisi tumelikumbatia shina hilo kwa zamu. Vivuli vyetu wenyewe vilikuwa vimejificha chini ya nyayo. Mabanda ya makuti ya kukodi yalikuwepo hatua chache tu pembeni. Mume wangu alikuwa amekataa kulipa asubuhi, kwa sababu kivuli ni cha Mungu.

Pilau ilikuwa bado ya moto. Hizi hotipoti zina uaminifu wa kutisha. Hakuna aliyeweza kuila ila mama, aliyekula sahani mbili akasema imekosa pilipili kidogo. Juisi ya ukwaju ilikuwa baridi vizuri sana, na ilikuwa na ladha ya ngisi.

Shemeji alirudi saa nane, bahari ikimfuata nyuma bila haraka. Hakuwa na samaki. Kofia ilikuwa imechukuliwa na upepo, ule upepo tulioufuata, ambao ulikuwa huko huko maji yalikokuwa. Nikamwambia apake mafuta kichwani. Akaniambia, "Shemeji, sisi weusi jua halituunguzi." Jumatatu upara wake ulianza kubanduka, vipande vikubwa kama karatasi, na Jumanne alitoka nje na kofia ya kufuma ya mtoto wangu.

Maji yalipofika vizuri, bluu, yakaanza kulamba mchanga pale pale walipokaa watoto, ilikuwa saa tisa na nusu. Mume wangu akasimama, akapangusa suruali, akasema tuondoke sasa hivi tusije tukakutwa na foleni ya pantoni. Watoto waliitazama bahari kupitia kioo cha nyuma, wote wamepiga magoti kwenye kiti, mpaka kona.

Mtu mwingine angeachana na habari hii. Mume wangu aligeuka kuwa mtaalamu wa mwezi. Kila usiku alitoka uani na singleti, mikono kiunoni, anatazama juu. Mama mwenye duka akaniuliza pembeni kama kuna tatizo nyumbani. Aliazima kwa jirani kalenda yenye tarehe za Kiislamu, maana tarehe hizo zinakwenda na mwezi, na akanionyesha kwa kidole: karibu na mosi na 15 ni bamvua, karibu na nane na 22 ni maji mafu. Jumamosi inayofuata ilikuwa 22. Saa nne bahari itakuwa nyumbani. Alisema hivyo mezani, kwa sauti ya mzee wa Mafia.

Na kweli, ilikuwepo. Tulifika, watoto wakakimbia, wakaingia moja kwa moja bila kusimama. Banda safari hii tulilipia. Mume wangu alisimama ukingoni, maji yakimfika vifundoni, akipokea pongezi ambazo hakuna aliyempa.

Mamlaka ya Hali ya Hewa, nataka kusema kwa haki, ilikuwa imetangaza wiki nzima kwamba masika inaanza. Redio ilisema, televisheni ilisema, kondakta wa daladala alisema. Lakini mume wangu wiki ile alikuwa anasikiliza mwezi tu. Saa tano upepo ukageuka ghafla, makuti yakaanza kupiga kelele, na mvua ikaja kutoka baharini tukiiona, nyeupe, ikifuta ngalawa moja baada ya nyingine. Banda la makuti ni zuri sana kwa jua. Kwa mvua linachuja tu: linakusanya matone madogo na kukuletea makubwa.

Tulilowa mpaka kwenye pilau. Kisha upepo ukatukuta tumelowa, na sisi watu wa nyuzi 32 tukaanza kutetemeka kabisa, meno kwa meno. Shemeji, ambaye upara wake mpya ulikuwa bado laini, alikuwa amejikunja kwenye kona amekumbatia fimbo.

Mama alimtazama kwa muda. Kisha akaanza kufungua vifungo, kimoja kimoja, kuanzia shingoni. Akalivua sweta, akamvalisha shemeji kama anavyovalishwa mtoto wa shule, mikono ikamfika viwikoni, akamfungia na kifungo cha juu. Akajifunga kanga kifuani, nyingine kichwani, akatoka kwenye mvua akaelekea majini huku mimi nikimpigia kelele arudi.

Mwezi Machi bahari yetu huwa vuguvugu, na mvua ikinyesha huwa na joto kuliko nchi kavu. Mama alijitosa hadi shingoni. Hakuwa amewahi kuoga baharini maisha yake yote. Alikaa humo, kanga imemvimba pembeni, akatugeukia sisi tuliokuwa tumebanana kwenye banda, akaita kwa sauti ya kuvuka bonde:

"Maji haya wanayapasha na nini? Na bili analipa nani?"

Mume wangu, mvua ikimchuruzika kutoka kwenye ncha ya pua, alinisogelea akaniuliza kama wiki ijayo nisingependa twende milima ya Pugu. Kule, alisema, hakuna mambo ya kupwa na kujaa.