Mwongozo wa Kuwa Askari wa Karne ya 14 kwa Mwenye Pazia Kuukuu

Kuvaa kama askari wa Ulaya ya Zama za Kati hakuhitaji fedha mwanzoni. Fedha zitahitajika baadaye, zote. Kwa sasa tafuta pazia ambalo halina mwenyewe, mkanda mpana na ujasiri wa kutoka nje hivyo. Mahali pa kwenda pako tele: kuna mkusanyiko wa Pennsic huko Pennsylvania, ulioanza 1972 na ambao huvuta maelfu ya watu, na kuna uwanja wa mapigano ya Hastings, Uingereza, ambako wenyeji hujitolea kushindwa tena kama walivyoshindwa 1066.

Hatua ya 1: Nunua upanga

Wazoefu watakushauri uanze na nguo. Wapuuze. Upanga ndio utakaokufanya ujione askari, hata ukiwa umeubeba juu ya jinzi. Utakapofika uwanjani utaambiwa upanga wa chuma hauruhusiwi. Chama cha Society for Creative Anachronism, kilichozaliwa 1966 katika sherehe ya uani huko Berkeley, California, hupigana kwa fimbo za henzerani. Basi upanga utundike ukutani, ukatafute henzerani. Ukiona picha za wapiganaji wa miaka ile ya mwanzo, waliojikinga kwa vipande vya zulia, usicheke. Waliobaki sasa wanavaa chuma kitupu, na zamu ya kuchekwa ni yako.

Hatua ya 2: Shona kanzu

Kunja pazia mara mbili, kata umbo la msalaba, toboa tundu la kichwa, shona kandokando. Imekwisha. Sasa jaribu kupiga hatua ndefu: magoti yamefungwa. Hapo ndipo utakapomkumbuka yule mtu wa karne ya 14 aliyefukuliwa 1936 kwenye kinamasi cha Bocksten, Sweden, nguo zake zikiwa bado nzima. Kanzu yake ya sufu imetiwa vipande vya pembetatu kwenye upindo ili mguu upate nafasi. Marehemu huyo alikuwa na fundi bora kuliko wewe. Fumua, uanze upya, na safari hii ununue sufu.

Hatua ya 3: Suka dirii

Watengenezaji wa filamu ya Monty Python and the Holy Grail ya 1975 walifuma masweta ya sufu wakayapaka rangi ya fedha badala ya dirii, yaani shati la pete za chuma, na dunia ikaridhika. Wewe hutaridhika. Nunua waya wa uzio, uzungushe kwenye nondo nyembamba mpaka uwe kama springi, uukate kwa koleo pete mojamoja, kisha kila pete uipitishe katika nyingine nne. Shati moja hula pete zaidi ya elfu kumi. Usizihesabu, waachie watu wa nyumbani kwako, ambao huziokota kila mahali, pamoja na ndani ya sukari.

Siku ya kuivaa, mzigo wa kilo kumi hivi utakuning'inia mabegani mpaka mtu mwema akuonyeshe kukaza mkanda, ili nyonga zisaidie kuubeba. Mtu huyohuyo atashika upindo kwa vidole viwili, autazame kwa ukaribu, aseme kwa upole, “Umekutanisha ncha tu.” Katika dirii nyingi za wakati ule, ncha za pete zilipondwa bapa, zikalaliana, zikafungwa kwa ribiti. Tena yako inang'aa mno. Ukiiloweka kwenye siki, zinki itatoka na mng'ao utakwisha. Kutu itaingia. Dawa ya kutu ni ya kale na ni ya kweli: tia dirii ndani ya pipa la mchanga, ulibingirishe. Majirani watakuzoea.

Hatua ya 4: Usitazame chini

Utatazama. Juu ni askari, chini ni raba nyeupe. Huu ndio mtego wenyewe: kila kipande kizuri unachoongeza hukiaibisha kile kilicho jirani yake. Viatu vya ngozi vya wakati ule vilishonwa ndani nje, kisha vikageuzwa. Havina kisigino, na kwenye nyasi mbichi vitakulaza kabla adui hajafika.

Hatua ya 5: Rudi ndani

Sasa, dirii ikiwa imekwisha, gundua kwamba inavaliwa juu ya koti nene la tabaka za kitani, na juu ya koti hilo haikutoshi. Ongeza pete. Koti lenyewe si la kudharau: katika karne ya 15 Mfalme Louis XI wa Ufaransa alitaka makoti ya askari wake yawe na tabaka 25 au 30 za kitambaa, pamoja na ngozi ya kulungu. Kilichowakinga wengi ni nguo ile uliyoiruka.

Jua la Agosti likikuzidi ndani ya koti hilo, kumbuka kwamba karne ya 14 haikuwa ya Ulaya peke yake. Ibn Battuta alipofika Mogadishu 1331 alivikwa shuka ya hariri kiunoni, kanzu ya kitani cha Misri na kilemba. Chama kile cha Berkeley hakitakufukuza kwa vazi hilo. Watakachouliza ni kama hariri ni hariri kweli.

Mwenye busara angeanza na shati la ndani, akapanda kwa viatu, koti na dirii, na upanga akaununua mwisho. Mwongozo huu haukuandikwa kwa ajili yake.